Intaneti Imetua Ufuoni Kwetu, Mbona Yakwama Sebuleni? Tupange Chaneli za Wi-Fi Mitaani

Mombasa ndiyo lango la intaneti ya Kenya. Mwaka 2009 nyaya mbili za chini ya bahari, SEACOM na TEAMS, zilitua hapa kwetu, hiyo ya pili ikitokea Fujairah kule Imarati. Mwaka uliofuata ikaja EASSy, na baada yake zimefuata nyingine. Mtu wa Nairobi akituma barua pepe Ulaya, kuna uwezekano mkubwa kwamba inapita chini ya mchanga wa pwani hii kabla ya kuvuka bahari.

Lakini ingia kwenye nyumba za Majengo, Kisauni, Likoni au Mji wa Kale saa mbili za usiku, uone. Kijana anayefanya kazi ya kunakili sauti kwa wateja wa ng'ambo anaangalia duara likizunguka kwenye skrini. Mwanafunzi anasubiri somo lifunguke. Mama anayeuza mahamri na viazi vya karai kwa oda za WhatsApp anaona ujumbe wa mteja umechelewa hadi mteja kanunua kwingine. Wote watatu wamelipia kifurushi. Na wote watatu watakwambia jambo moja: kampuni inatuibia.

Sitetei kampuni. Ziko zinazouza kasi zisizokuwa nayo, na hilo ni suala la siku nyingine. Ninachotaka kulijadili leo ni sehemu ya tatizo ambayo hakuna anayeizungumzia kwa sababu haionekani kwa macho. Mara nyingi waya unaofika mlangoni hauna neno. Kinachokwama ni hatua ile ya mwisho, mita kumi za hewani baina ya ruta na simu. Hewani kumejaa, na hakuna aliyepanga foleni.

Nieleze kwa lugha nyepesi. Ruta nyingi za mitaani kwetu hutumia masafa ya gigahezi 2.4. Masafa haya yamegawanywa katika chaneli 13, na ukizisoma kwenye menyu ya ruta utadhani kuna nafasi 13 za watu kukaa kwa raha. Sivyo. Chaneli moja iko megahezi 5 tu kutoka kwa jirani yake, ilhali ruta ikizungumza inahitaji upana wa megahezi 20 hivi. Ni kama gati lililochorwa nafasi 13 za mashua, lakini kila mashua inayokuja ina upana wa nafasi nne. Ukiweka moja katika nafasi ya 1 na nyingine katika nafasi ya 3, lazima zigongane ubavu. Ndiyo maana mafundi duniani kote hurudia nambari tatu: 1, 6 na 11. Hizo tatu ndizo zinazoweza kufanya kazi pamoja bila kugusana.

Hapa pana jambo ambalo wengi hulielewa kinyume. Mtu akipakua programu ya kupimia Wi-Fi kwenye simu, akaona chaneli 1 ina ruta nne, 6 ina tano, 11 ina nne, na chaneli 3 haina mtu, hukimbilia 3 akidhani amepata kiwanja kitupu. Kumbe amejenga katikati ya barabara.

Ruta mbili zikiwa kwenye chaneli moja, husikilizana. Ndivyo zilivyoundwa: kabla ya kusema, ruta hutega sikio, ikisikia mwenzake anazungumza, hungoja. Ni kama baraza lenye adabu. Watu ni wengi, kila mmoja anapata zamu fupi, lakini maneno yanasikika. Ruta ikiwa kwenye chaneli ya 3, wale wa 1 na wa 6 humsikia kama kelele tu, si kama mtu anayesema. Hawawezi kupokezana naye zamu kwa sababu hawamwelewi. Ujumbe wao unaharibika, wanarudia, unaharibika tena. Aliyejiweka 3 naye anaharibikiwa na pande zote mbili. Kwa hivyo ukikosa chaneli iliyo tupu kabisa, ni afadhali kukaa kwenye 1, 6 au 11 pamoja na jirani yako kuliko kujipenyeza katikati.

Somo hili si geni. Lilianzia visiwani, mahali pasipotofautiana sana na kwetu. Mwaka 1971 Norman Abramson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Hawaii waliwasha mtandao wa ALOHA, uliounganisha kompyuta za visiwa mbalimbali kwa redio. Utaratibu wao ulikuwa rahisi: ukiwa na la kusema, sema, ukigongana na mwenzako, ngoja kidogo kisha urudie. Hesabu ilionyesha kwamba katika utaratibu huo, hata mambo yakiwa mazuri kabisa, ni kama asilimia 18 tu ya uwezo wa chaneli inayotumika. Nyingine yote hupotea kwa kugongana au kwa kimya. Wi-Fi ya leo ina adabu zaidi kwa sababu husikiliza kwanza, lakini adabu hiyo ina kikomo. Watu wakizidi barazani, hata wenye heshima hawapati nafasi.

Mabaharia wetu wanalijua hili zamani. Chombo chenye redio ya VHF husikiliza chaneli 16, ambayo ni ya kuitana na ya dharura. Ukishampata mwenzako hapo, mnahama mnaenda chaneli nyingine kuzungumza, mkiacha 16 wazi kwa anayezama. Hakuna nahodha anayeona kwamba utaratibu huo unamnyima uhuru. Anajua siku moja atakuwa yeye anayeita. Bahari ni ya wote, na kwa sababu ni ya wote ikawekewa mpango. Hewa ya mtaani nayo ni ya wote, ila sisi tumeiacha bila mpango.

Mpango wenyewe una hesabu yake, na hesabu hiyo ina umri mkubwa kuliko redio. Mwaka 1852 Mwingereza Francis Guthrie, akipaka rangi ramani ya majimbo ya Uingereza, aliuliza kama rangi nne zinatosha kwa ramani yoyote ili majimbo mawili yanayopakana yasiwe na rangi moja. Ilichukua hadi 1976 kuthibitishwa kwamba zinatosha. Sasa badala ya majimbo weka ruta, na badala ya mpaka weka kusikilizana: ruta mbili zinazosikiana zisipewe chaneli moja. Rangi zetu ni tatu tu, na ruta hazina mipaka myembamba kama ramani, kwa hivyo mara nyingi hazitatosha. Lakini hata zisipotosha, kupanga kunaokoa mengi.

Tuchukue mfano. Uchochoro mmoja una nyumba tano zimepangana: ya Ali, ya Bakari, ya Chizi, ya Dalila na ya Esha. Kila ruta inasikika kwa jirani wa karibu na kwa jirani wa pili, lakini haifiki kwa wa tatu. Mbele yao pana gorofa ya Fumo, ambayo ruta yake iko juu na inasikika na wote watano. Wote sita wakiachia ruta zao kwenye chaneli 6 kama zilivyotoka dukani, ukihesabu jozi za ruta zinazogombania hewa utapata 12. Sasa wapange: Ali 1, Bakari 6, Chizi 11, Dalila 1, Esha 6. Ali na Dalila wote wako 1 lakini hawasikiani. Bakari na Esha vivyo hivyo. Amebaki Fumo. Akiwekwa 1 atagongana na wawili, akiwekwa 6 atagongana na wawili, akiwekwa 11 atagongana na Chizi peke yake. Basi aende 11. Kutoka migongano 12 mmebaki na mmoja, na hakuna aliyetoa hata shilingi.

Ndugu msomaji, zoezi hilo halikuhitaji mhandisi. Limehitaji karatasi, simu moja, na watu sita waliokubali kukaa pamoja dakika ishirini. Wanahisabati watakwambia kwamba kupata mpango bora kabisa kwa mji mzima ni kazi inayoweza kuishinda hata kompyuta. Richard Karp aliliweka tatizo la kupaka rangi kwenye orodha yake ya matatizo magumu mwaka 1972. Ni kweli. Lakini mtaa hauhitaji mpango bora kabisa. Unahitaji mpango ulio bora kuliko fujo.

Kuna mambo ya kwetu ya kuzingatia. Nyumba za zamani za Mji wa Kale na za Lamu zina kuta nene za mawe ya matumbawe. Kuta hizo zinalaumiwa kwa kuzuia Wi-Fi isifike chumba cha ndani, na ni kweli huzuia. Lakini zinazuia pia kelele za jirani. Penye kuta kama hizo, chaneli moja inaweza kurudiwa karibu zaidi, pengine nyumba ya pili tu, kwa sababu mawimbi yanachoka njiani. Jambo baya kabisa unaloweza kufanya hapo ni kupandisha ruta juu ya paa ili "ienee". Itaenea kweli, kwa watu wasioihitaji.

Nyumba ya Kiswahili ya Majengo yenye ukumbi katikati na vyumba sita vya kupangisha ni habari nyingine. Wapangaji sita wakiwa na ruta sita, zote zinasikiana. Hata mkizigawa vizuri kwa chaneli tatu, kila mmoja atakuwa na mwenzake wa kugawana naye. Hapo dawa ya kweli si chaneli bali ni kupunguza ruta. Ruta moja au mbili nzuri, zilizowekwa ukumbini, zinaweza kuhudumia vyumba sita vizuri kuliko ruta sita zinazopigiana kelele. Wapangaji wasome kwanza masharti ya kampuni kuhusu kugawana huduma, kisha wakae na mwenye nyumba waulize kama inawezekana kuchukua kifurushi kimoja kikubwa. Pengine mtalipa kidogo zaidi kila mmoja kuliko mnavyolipa sasa.

Ugomvi mwingine ni wa nguvu. Mtu akiona Wi-Fi yake dhaifu hununua kifaa cha kuongeza nguvu au antena kubwa. Jirani akiona yake imedhoofika, naye ananunua. Mafahali wawili hawakai zizi moja, na sisi tumewaingiza ishirini. Kila aliyeongeza nguvu amepanua eneo analolivuruga, huku simu yake, ambayo nguvu yake ni ileile, ikiwa bado inajibu kwa sauti ndogo isiyosikika katika zogo hilo. Penye msongamano, kupunguza nguvu ya ruta ndiko kunakosaidia, mradi ifike pembe zote za nyumba yako na isivuke mno.

Wapo watakaosema: hayo ni ya kizamani, watu wanunue ruta za gigahezi 5, yaishe. Wana hoja. Masafa ya gigahezi 5 yana nafasi zaidi, na chaneli kama 36, 40, 44 na 48 hazigusani kabisa zikitumika kwa upana wa megahezi 20. Pia mawimbi yake hayapenyi kuta sana, jambo ambalo mtaani ni neema. Mwenye ruta ya namna hiyo na ahamishie huko simu na kompyuta zake zinazokubali. Lakini kuna mambo mawili. Kwanza, simu nyingi za bei nafuu mikononi mwa watu wetu zinajua gigahezi 2.4 tu, na ndizo za yule mama wa mahamri. Pili, ruta hizo mpya huja zikiwa zimewekwa upana wa megahezi 80 ili zionyeshe kasi ya kutangazia biashara. Kwa upana huo zile chaneli nne zinakuwa moja tu. Kwa hivyo tutakuwa tumenunua kiwanja kikubwa na kukijaza kwa mashua kubwa zaidi. Bila mpango, miaka michache ijayo tutakuwa tunalalamikia gigahezi 5 kama tunavyolalamikia 2.4.

Wengine watasema ruta za kisasa hujichagulia chaneli zenyewe. Nyingi hufanya hivyo, lakini aghalabu ni wakati zinapowashwa. Sasa fikiria umeme unavyokatika hapa Pwani. Ukirudi, ruta za mtaa mzima huwaka kwa pamoja. Kila moja inachungulia hewani, inaona kweupe kwa kuwa wenzake bado hawajaanza kusema, kisha inajichagulia. Nyingi zinaweza kuangukia pamoja mahali pamoja na kukaa hapo hadi umeme ukatike tena. Chaneli iliyochaguliwa na majirani kwa makubaliano haipotei umeme ukienda.

Na wengine watasema serikali iingilie. Hapa tuelewane. Masafa haya hayahitaji leseni, na hilo ni jambo jema. Ndilo lililomwezesha kila mtu kuwa na Wi-Fi bila kupiga foleni ofisini. Lakini uhuru huo una bei yake: asiyelipia leseni hana ulinzi. Huwezi kwenda kwa Mamlaka ya Mawasiliano kumshtaki jirani kwa sababu yuko chaneli yako, maana si yako. Unaweza kushtaki kifaa kisichoidhinishwa au kinachopita kikomo cha nguvu kilichowekwa. Zaidi ya hapo, ni sisi kwa sisi.

Hata hivyo serikali ina jambo la kujibu, kwa sababu yenyewe sasa inaingia barazani. Serikali ya kitaifa iliahidi kilomita 100,000 za faiba, vituo 25,000 vya Wi-Fi ya umma katika masoko, vituo vya basi na mahali pengine pa watu wengi, na kituo cha kidijitali katika kila wadi ya nchi, wadi 1,450. Mimi naunga mkono. Soko lenye Wi-Fi ya bure ni soko ambalo kijana asiye na bando anaweza kuomba kazi. Lakini masoko ndiko kuliko na msongamano mkubwa zaidi wa ruta za watu binafsi, za maduka, na za vijana wanaouza intaneti kwa saa. Mkandarasi akija, akafunga antena yenye nguvu juu ya nguzo, akaiacha kwenye chaneli yoyote na kuondoka, Wi-Fi ya bure itakuwa imeua ile ya kulipia iliyokuwa ikifanya kazi, na yenyewe isifanye kazi. Fedha ni za umma na hasara ni ya umma.

Kwa hivyo nina mapendekezo manne, na hakuna hata moja linalohitaji sheria mpya.

La kwanza ni kwa kaunti zetu sita za Pwani na kwa wizara: kabla ya kufunga kituo chochote cha umma, mkandarasi apime hewa ya mahali hapo mchana na usiku, achague chaneli kwa sababu, na nambari ya chaneli ibandikwe kwenye nguzo na itangazwe. Mwenye duka ajue serikali iko wapi ili akae kwingine.

La pili ni kwa kampuni zinazotuwekea ruta. Fundi anapofika nyumbani, asiondoke kabla ya kupima majirani na kuweka chaneli inayofaa, kwa upana wa megahezi 20 kwenye gigahezi 2.4. Ni kazi ya dakika tano. Mteja naye aidai kama anavyodai risiti.

La tatu ni kwa vyuo vyetu vya ufundi. Vijana wanaosomea kompyuta na umeme wanatafuta mazoezi ya kazi. Wapewe mtaa mmoja mmoja wauchore: ruta ziko wapi, nani anasikiana na nani, ziko chaneli gani. Wakimaliza watakuwa wamejifunza kitu ambacho hakifundishwi ubaoni, na mtaa utakuwa na ramani.

La nne ni letu. Wavuvi wana vikundi vya kusimamia fuo zao, vinavyoamua mambo ya bandari ndogo na vyombo. Mtaa unaweza kuwa na jambo kama hilo kwa hewa yake, hata kama ni kundi la WhatsApp lenye mtu mmoja anayeweka orodha. Kwenye simu ya Android kuna programu za bure za kuonyesha chaneli. Anwani ya kuingilia ruta na neno la siri kwa kawaida vimebandikwa chini ya ruta yenyewe. Ukiingia, tafuta palipoandikwa mambo ya Wi-Fi, badili chaneli, hifadhi, na ukiwa hapo badili pia lile neno la siri la kiwandani. Usichague 2, 3, 4 wala 9. Chagua 1, 6 au 11 kulingana na jirani zako, kisha uwaambie umechagua ipi.

Hilo la mwisho, kuwaambia, ndilo gumu kuliko hesabu zote za Guthrie na Karp. Tumezoea kuishi ukuta kwa ukuta, tukijua nani amefiwa na nani anaoza, lakini ruta zetu zinagombana usiku kucha na hatujawahi kuulizana. Kampuni tuendelee kuzidai haki yetu, na tutazidai kwa nguvu zaidi tukiwa na uhakika kwamba kosa si la kwetu. Kabla ya kupiga simu ya malalamiko kesho, bisha hodi kwa jirani uulize swali dogo: ami, wewe uko chaneli gani?